Tusimzibie Kiboko Njia

Familia nyingi zinazoishi kandokando ya mto Rufiji, Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha huteka maji, huvua na hulima mahali palepale anapoishi kiboko. Kumjua mnyama huyu, basi, ni sehemu ya kulinda nafsi zetu na watoto wetu.

Dume aweza kupita uzito wa kilo 2,000, na chonge zake zaweza kufikia urefu wa sentimita 50. Ajabu ni kwamba mwenye silaha hizo chakula chake hasa ni nyasi. Mchana hukaa majini, kwa kuwa ngozi yake hukauka upesi juani. Ngozi hiyo hutoa ute mwekundu mithili ya damu, kumbe si damu, bali ni kinga yake dhidi ya jua kali na vijidudu.

Jua likizama, kiboko hutoka majini na kuifuata njia aliyoizoea hadi malishoni. Kwa usiku mmoja hula takriban kilo 40 za nyasi, kisha hurejea kabla ya kupambazuka. Hapo ndipo penye hatari. Ashtukapo nchi kavu, kimbilio lake ni maji. Akimkuta mtu amesimama njiani humvamia, naye hukimbia kilomita 30 kwa saa. Jike mwenye mtoto huwa mkali zaidi, hata mtumbwi aweza kuupindua.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, tusiwatume watoto mtoni alfajiri wala magharibi. Pili, tuzitambue njia zake kwa majani yaliyolazwa na samadi iliyotapanywa vichakani, wala tusilime au kujenga juu yake. Tatu, tukikutana naye nchi kavu, tusisimame kati yake na maji. Tuiache njia, tusogee kando polepole.

Wala tusimwone kuwa ni adui tu. Nyasi alizokula bara huzirudisha majini zikiwa samadi, nayo hulisha wadudu na samaki ambao sisi huwavua. Lakini mto ukipungua sana, samadi hiyohiyo hurundikana na kuumaliza ukwasi wa hewa majini, samaki wakafa. Kwa hiyo anayeutunza mto ili usikauke amemhifadhi kiboko, amemhifadhi samaki, na ameihifadhi riziki ya jirani yake.