Muziki wa sinema za Marekani (3): Nyuzi tupu za Bernard Herrmann

Juma lililopita tuliona jinsi Max Steiner alivyompa uhai sokwe wa King Kong mwaka 1933, kwa okestra iliyosheheni tarumbeta na ngoma. Leo tumtazame mtunzi aliyepata nguvu kwa kupunguza.

Bernard Herrmann, mzaliwa wa New York, alikuwa amekwisha kuzitungia muziki Citizen Kane (1941) na Vertigo (1958) kabla ya Psycho ya mwaka 1960. Alfred Hitchcock aliitengeneza filamu hiyo kwa bajeti ndogo, tena bila rangi. Herrmann akaamua kwamba muziki nao uvuliwe mapambo: asiwepo mpiga tarumbeta, filimbi wala ngoma. Violini, viola, chelo na besi, basi.

Tazama safari ya Marion Crane. Ameiba dola 40,000 na anatoroka na gari. Kwenye picha hakuna cha kutisha: mwanamke kashika usukani, giza linaingia, taa za magari zinammulika, mvua inanyesha, waipa zinapangusa kioo. Zima sauti, utamwona msafiri tu. Irudishe, na nyuzi zile zinazokatakata bila kupumua zitakuonya kwamba dada huyu hafiki salama. Hofu yote inaingilia masikioni.

Kisha lile tukio la bafuni, Marion anapouawa. Hitchcock hakutaka muziki hapo. Hata hivyo, Herrmann aliutunga, na mwongozaji alipousikia akabadili nia. Violini zinaanza juu kabisa, noti moja ikirudiwarudiwa kwa mikwaruzo mifupi ya upinde. Kundi jingine linaingia na noti inayogombana na ile ya kwanza, kisha jingine chini yake, mpaka zamu ifike kwenye besi. Sehemu kubwa ya filamu, wapigaji wamebana kidude kwenye daraja la nyuzi ili sauti ififie. Hapa wamekiondoa, na ukali wa ala unatoka mzimamzima. Unachokisikia hakikutengenezwa kwa mashine yoyote. Ni mbao, nyuzi na singa za farasi.

Nasema bila kusita: katika sinema zote za zama zile za Marekani, sijui muziki mwingine uliofanya makubwa kiasi hiki kwa ala chache namna hii. Mwaka ule Oscar ya muziki wa tamthilia ilikwenda kwa Ernest Gold, kwa filamu ya Exodus. Herrmann hakuteuliwa hata kuiwania.