Baraka: kwa nini kuta hupasuka hata maji yakiisha kuondoka

Mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika nyumba za watu Baraka, Uvira, Kalemie, na hata Bujumbura kule ng'ambo. Maji hayo kila mtu aliyaona. Yaliyopanda chini ya ardhi yalijulikana kwa visima na mashimo ya vyoo yaliyojaa, na hatari ya kipindupindu tunaijua sote.

Ardhi ya ufukweni ni mchanga na tope vilivyoletwa na ziwa na mito. Kati ya punje za mchanga mna nafasi. Nafasi hizo zikijaa maji, punje na maji husaidiana kubeba uzito ulio juu yao. Maji yakishuka, punje hubaki na mzigo peke yao. Husogeleana, na ardhi hushuka. Mchanga ulioshikamana hushuka kidogo tu, na maji yakirudi huinuka karibu pale pale. Udongo wa mfinyanzi uliomo katikati ya mchanga ni kitu kingine: hubanwa polepole, kwa miaka, na ukishabanwa haurudi. Tena mchanga uliolegea unaweza kuporomoka ndani kwa ndani siku maji yanapoufikia mara ya kwanza. Kwa hiyo kupanda kwa maji kunadhuru, na kushuka kwake pia. Nyumba ikiwa upande mmoja juu ya mchanga na upande mwingine juu ya mfinyanzi, haishuki sawasawa, na ukuta hupasuka.

Je, pampu ya mkono ya mtaani inaweza kuzamisha ardhi? Hapana, maji inayovuta ni machache mno. Jiji la Mexico limezama zaidi ya mita 10 mahali pengine, na kanisa kuu lake limeinama, lakini pale mamilioni ya watu wamevuta maji kwa mashine kwa miaka mingi, juu ya mfinyanzi wa ziwa la zamani.

Kwa ndugu wa milimani Fizi, hofu kubwa ni mmomonyoko. Wa Baraka, tunawaomba msiharakishe kujenga upya kanisa au nyumba mara tu ziwa linaporudi nyuma, maana ardhi bado inajipanga. Chukueni kalamu, wekeni alama kwenye ncha mbili za ufa, andikeni tarehe. Ufa ukipita alama, ardhi bado inatembea. Msipige lipu kwanza, na watoto wasilale kando ya ukuta ule.