Dishi moja, risiva nne: kwa nini Bibi anakatiwa Makka

Nyumba zetu nyingi hapa Oman zina madishi mawili juu ya paa, moja la Nilesat na moja la Arabsat. Chini ya paa hilo zinaishi familia mbili tatu: wazee chini, kijana na mkewe ghorofani, na chumba cha wageni nacho kina tivii yake. Ramadhani ikikaribia kila mmoja anataka risiva yake, na hapo ndo kasheshe linapoanza.

Fundi anaitwa. Anapanda juu, anaukata waya wa wazee katikati, anatia splita, picha inatoka kote kuwili. Analipwa, anakwenda zake. Usiku Bibi yuko na tarawehe ya Makka, mjukuu ghorofani anatafuta mpira, mara kioo cha Bibi kinaandika hakuna mawimbi. Bibi anagomba, mjukuu anaapa kuwa hajagusa kitu cha mtu. Na wote wawili wanasema kweli.

Sababu iko kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Mawimbi ya setilaiti yamegawika mafungu manne: ya wima na ya mlalo, na kila moja lina masafa ya chini na ya juu. Waya mmoja unateremsha fungu moja tu kwa wakati mmoja. Risiva ndiyo inayochagua, kwa umeme inaoupeleka juu kupitia waya uleule wa picha. Volti 13, LNB inatoa ya wima. Volti 18, inatoa ya mlalo. Ikitaka masafa ya juu inaongeza mlio wa kilohezi 22. Sasa ukiunganisha risiva mbili kwa splita, LNB inapokea amri mbili kwenye waya mmoja, na 18 inaishinda 13. Chaneli ya Bibi ikiwa wima na mpira uko mlalo, Bibi kwisha habari yake.

Zipo splita zinazopitisha umeme upande mmoja tu. Hizo ni kumpa mtu mmoja ufunguo wa nyumba nzima, mwenzake aangalie atakachoachiwa.

Kujua kama shida ni hiyo ni rahisi. Chomoeni risiva ya ghorofani kwenye plagi ya ukutani, si kuzima kwa rimoti, maana nyengine huendelea kutoa umeme hata zikiwa zimelala. Picha ya Bibi ikirudi, dishi halina kosa. Nasema hivi kwa sababu kwa ami yangu fundi alikazana kuligeuza dishi, na nyumba nzima ikakaa siku mbili bila Nilesat. Ukiwa Maskati, Nilesat iko chini sana, karibu magharibi kabisa, kama nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho. Arabsat ya nyuzi 26 mashariki iko juu zaidi, kama nyuzi 44. Kwa hiyo ukuta wa paa, tangi la maji au ghorofa mpya ya jirani inaweza kuiziba Nilesat na Arabsat isijue lolote. Dishi likishaipata, liacheni.

Dawa ni kubadilisha LNB. Ile yenye matundu manne, inayoitwa quad, inampa kila mtu tundu lake na waya wake mpaka kwenye risiva, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Lakini angalieni dukani, kuna nyengine inayoitwa quattro, nayo ina matundu manne, na sura ni moja. Kila tundu la quattro linatoa fungu moja tu siku zote. Imetengenezwa kwa ajili ya multiswichi, kisanduku kinachopokea mafungu yote manne na kuzigawia risiva nane au zaidi. Mkiifunga moja kwa moja kwenye risiva, nusu ya chaneli na zaidi hamzioni.

Kwa madishi mawili, kila risiva inahitaji pia swichi yake ndogo ya DiSEqC. Risiva nne, swichi nne. Watu hubana hapa, wananunua moja wakadhani itatosha nyumba nzima, kumbe ugomvi ni uleule umehamia kwengine. Nilesat iingie tundu la kwanza kwenye swichi zote, Arabsat la pili, ili risiva ikihamishwa chumba isihitaji kupangwa upya.

Waya uwe RG6 wenye moyo wa shaba tupu. Jaribuni kwa sumaku. Ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba, na safari ikiwa ndefu volti 18 haifiki juu ikiwa 18. Jua letu hupasua ganda la waya wa rahisi, basi usiuache ukitambaa juu ya paa, upitisheni ndani ya bomba.

Kabla ya kuunga chochote, risiva zote zichomolewe, na nyuzi za wavu wa nje zisiguse ule moyo wa kati. Kisha kila waya ufungwe kikaratasi chenye jina huku juu na kule chini: Bibi, ghorofani, wageni. Fundi atakayekuja mwakani hatajua upi ni wa nani, na akianza kuchomoa kwa kubahatisha, wa Bibi ndio huwa wa kwanza.