Mashindano ya karata msimu wa sikukuu: zawadi hutoka mfukoni mwa nani?

Nyakati za sikukuu Tanzania huwa na mashindano ya karata ya namna mbili. Katika namna ya kwanza zawadi hutolewa na mwandaaji: mwajiri, chama cha wafanyakazi, au mwenye duka anayetaka jina lake lisikike. Katika namna ya pili zawadi huchangwa na wachezaji wenyewe, na mwenye ukumbi hukata chake kabla ya karata ya kwanza kugawiwa. Mkazi wa Tindiga au wa Mikumi, wilayani Kilosa, ameizoea namna ya kwanza tangu utotoni. Ya pili, yaani poka ya kasino, humfikia kupitia tangazo la simuni, au akienda mijini kama Dar es Salaam na Arusha.

Mfano mkubwa wa namna ya kwanza ni michezo ya Mei Mosi, inayofanyika kuelekea Sikukuu ya Wafanyakazi katika mkoa ulioteuliwa kuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa. Pamoja na mpira wa miguu, netiboli, riadha na kuvuta kamba, huwamo karata, bao na drafti. Mwaka 2023 mwenyeji alikuwa Morogoro, mkoa wenye wilaya ya Kilosa. SHIMIWI, shirikisho la michezo ya wizara na idara za serikali, nalo lina karata kwenye orodha yake ya michezo. Washiriki hushindania medali na vikombe, na hapo mtumishi aliyezoea kucheza karata jioni barazani huvaa jezi ya ofisi yake na kuiwakilisha. Ni jambo la kupongezwa, kwa sababu mchezo wa karata unahitaji kumbukumbu na hesabu za haraka, ingawa wengi huudhania kuwa kazi ya wasio na kazi.

Hesabu hizo zinaonekana vizuri katika wahedi wa sitini, mchezo wa turufu uliotoka pwani. Nane, tisa na kumi hutolewa. Ree (A) ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne (K) ana 4, wa tatu (J) ana 3, wa pili (Q) ana 2, na karata nyingine hazina kitu. Pointi za rangi zote nne, yaani kopa, uru, shupaza na pau, hufika 120, kwa hiyo anayepata 61 ameshinda. Mchezaji mzuri hukumbuka turufu ngapi zimeshatoka na ree ipi bado imefichwa. Hakuna dau linalohitajika ili mchezo uwe mtamu.

Poka imejengwa juu ya dau tangu mwanzo. Katika aina inayochezwa zaidi duniani, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Anayeunda mkono bora wa karata tano huchukua fedha zilizowekwa. Anaweza pia kuzichukua akiwa na karata mbovu, ikiwa dau lake limewatia wenzake hofu wakatupa karata zao. Kwenye mashindano, kila mmoja hulipa kiingilio na kupewa sarafu za plastiki ambazo haziwezi kubadilishwa kuwa fedha. Dau la lazima hupandishwa kila baada ya muda uliopangwa, ili hata asiyetaka kuthubutu alazimike kucheza. Anayeishiwa sarafu huondoka mezani, mpaka abaki mmoja.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Watu 40 wanalipa shilingi 50,000 kila mmoja, ambapo 45,000 zinaingia kwenye zawadi na 5,000 zinakwenda kwa ukumbi. Zawadi inakuwa 1,800,000, na ukumbi unapata 200,000 bila kuhatarisha chochote. Zikilipwa nafasi tano za juu, watu 35 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hesabu ni hiyohiyo hata kwenye mashindano makubwa. Mwaka 2003 mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker, alishinda dola milioni 2.5 Las Vegas, baada ya kujipatia nafasi kwa mchujo wa mtandaoni wa dola chache. Habari zake ziliwavuta maelfu kwenye poka. Lakini fedha zile zilitokana na viingilio vya dola 10,000 vya washiriki 839, na wengi wao hawakuambulia kitu.

Sikukuu zinapokaribia, vyumba vya poka duniani huongeza promosheni. Ipo ya kiingilio cha bure, ambayo mara nyingi hupewa aliyekwisha kutumia saa nyingi akicheza kwa fedha zake. Upo mkono bora wa siku, unaolipwa kutoka kwenye makato madogo ya kila mchezo. Ipo ruhusa ya kununua sarafu upya baada ya kuishiwa, na hii ndiyo ya kuogopwa kuliko zote: aliyepanga kutumia 50,000 hujikuta ametumia 150,000 kabla ya saa tatu usiku. Zawadi iliyohakikishwa ndiyo yenye nafuu kwa mchezaji, kwa kuwa wachezaji wakiwa wachache, ukumbi hulazimika kufidia pengo.

Desemba huchaguliwa kwa sababu wenye mishahara wana likizo na bonasi. Kwa mkulima wa Tindiga kalenda ni nyingine kabisa. Fedha za mpunga na mahindi humfikia baada ya mavuno, karibu na maonyesho ya Nanenane yanayofanyika Morogoro kwa Kanda ya Mashariki. Krismasi inapofika, fedha iliyobaki ni ya mbegu na vibarua wa shamba, na Januari inakuja na mahitaji ya shule. Dau la Desemba kwake ni gunia la msimu ujao. Kwa Waislamu wa Kilosa, suala lilikwisha kuamuliwa: kamari ni haramu.

Kisheria, michezo ya kubahatisha Tanzania Bara inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kasino lazima iwe na leseni ya Bodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kucheza mchezo wa bahati kwa fedha hadharani ni kosa chini ya kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo kijiwe kinachoweka mia tano tano mezani kinaweza kuvamiwa na polisi, wakati kasino yenye leseni inaendelea na shughuli zake.

Anayetaka kuandaa mashindano ya karata kijijini wakati wa Idi au Krismasi basi atafute mfadhili wa zawadi, iwe kombe, mbuzi au mfuko wa mbolea, asitoze kiingilio, na atangaze kanuni mapema. Na anayeingia kasino aombe kwanza kuona leseni na jedwali la malipo, kisha abebe fedha ambazo familia haitazihitaji kesho.