Simu inayosikia mbu, na faida yake kwa Misungwi

MKULIMA wa mpunga wa Misungwi anajua gharama ya mbu. Maji yanayotuama kwenye majaruba ndiyo yanayompa magunia, na humo humo mbu wa malaria huzaliana. Mtoto akiugua wakati wa palizi, mama anashinda zahanati huku magugu yakiota. Siku hizo hazilipwi na mnunuzi yeyote wa mpunga.

Kwa sababu hiyo, utafiti uliofanyika Ifakara, mkoani Morogoro, unawahusu pia watu wa kanda ya ziwa.

Mradi huo, HumBug, uliwaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na Taasisi ya Afya Ifakara. Mmoja wao, Ivan Kiskin, aliufanyia masomo yake ya shahada ya uzamivu. Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kutambua mbu kwa mlio, wakati sauti za kufundishia ni chache.

Simu ya bei nafuu huwekwa kwenye mfuko ulioshonwa juu ya chandarua. Mbu anayemfuata aliyelala huzunguka hapo, na simu hunasa mvumo wa mbawa zake zinazopiga mara mia kadhaa kwa sekunde. Kasi hiyo hutofautiana kati ya jike na dume, na kati ya aina na aina, japo baadhi hukaribiana mno.

Kazi ngumu huja baadaye. Katika usiku mzima wa kurekodi, mbu husikika sekunde chache tu. Kwingine ni mvua juu ya bati, jogoo na redio ya jirani. Lazima mtu asikilize na kuweka alama kila mbu anapopita. Mwaka 2021 watafiti hao walitoa hadharani saa 20 za sauti za mbu zilizowekewa alama kwa mkono, kati yake saa 18 zikiwa na majina ya aina 36. Saa hizo hazijazi hata usiku wa siku mbili.

Kiskin na wenzake waliitengeneza programu ili itaje pia kiasi cha shaka yake, na mtu apitie vipande vyenye utata. Mfanyabiashara ataelewa: mzani unaoonyesha kuwa haujatulia ni afadhali kuliko unaosoma kilo za uongo.

Misungwi yenyewe si ngeni kwa utafiti wa mbu. Majaribio ya vyandarua yaliyoanza huko mwaka 2019, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, yalionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezewa dawa ya klofenapiri vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vya kawaida. Mbu walinaswa kwa mitego ya taa majumbani na kutambuliwa na wataalamu. Hiyo ni kazi ya mikono mingi, na si rahisi kuirudia kila kijiji kila msimu.

Hapo ndipo simu ingepunguza gharama, mradi ifundishwe kwa mbu wa Misungwi na kelele za nyumba za Misungwi. Hata hivyo, haiwezi kuondoa mitego kabisa, kwani mlio hausemi kama mbu amebeba vimelea.

Aidha, simu inayorekodi chumbani usiku husikia na maongezi. Mwenye nyumba aulizwe kwanza, aambiwe nani atasikiliza na sauti hizo zitatunzwa wapi.