Jumamosi ya Bao na Urojo

Bao la kiswahili limebandikwa sifa lisiyostahili, kwamba ni mchezo wa wazee wasio na haraka, na kwamba vijana wanaotaka kupumzika mwisho wa wiki afadhali wachukue dhumna au karata. Nimewafundisha bao watu wa kila umri, na naamini kinyume kabisa. Kwa siku nzima ya mapumziko na marafiki, sijaona mchezo wa pwani unaolishinda, kwa sababu ndani yake hakuna kinachofichwa wala kete inayopotea.

Hilo la kwanza huonekana mara tu unapokaa barazani. Mwenye karata hukunja mkono wake ili jirani asichungulie. Bao liko wazi: aliyekaa pembeni anaona kila anachokiona mchezaji, na hakuna dadu wala bahati ya kusingizia. Ndiyo maana pale Jaws Corner, katika Mji Mkongwe wa Unguja, watu wawili wakishika bao hupata watu wengine wa kulicheza kwa macho na kwa midomo.

Ubao una mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili za upande wake. Kete ni 64, na kwa desturi ni mbegu za mkomwe: za kijivu, ngumu, laini zikipita kwenye vidole. Mchezo unapoanza, kila mmoja ana kete 10 tu ubaoni. Sita zimo ndani ya nyumba, lile shimo la mraba katika safu ya mbele, na nne zimegawanywa mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zilizobaki, 22, ziko ghalani, na huingizwa moja moja kila zamu ikifika. Huko ndiko kunamua. Ghala ikiisha ndipo huanza mtaji, ambapo mnacheza kwa zile zilizomo ubaoni tu.

Kula ni hivi. Unatia kete katika shimo lako la mbele ambalo tayari lina kete. Ikiwa shimo la mwenzako linalotazamana nalo halikuwa tupu, zake zote unazichukua. Lakini huziweki kando! Unazipanda katika safu yako mwenyewe, moja moja, kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la kulia au la kushoto. Ukianza kula katikati ya safu, unachagua kichwa cha kuanzia. Ukila kwenye kimbi, yale mashimo mawili ya kila pembe, lazima uanzie kichwa kilicho karibu. Kete ya mwisho ikikuta shimo la mbele lenye kete, na mbele yake kwa mwenzako pia zipo, umekula tena. Ikikuta shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, kwa kawaida unazichota zote na kuendelea kupanda. Ikikuta shimo tupu, umelala, na zamu imehama.

Tazama matokeo yake. Katika drafti, kete iliyoliwa imetoka, na aliyebaki na mbili dhidi ya nane anajua kinachomngoja. Katika bao, 64 hubaki 64 mpaka mwisho. Zinabadilisha wenyewe tu. Mchezaji aliyebaki na kete chache anaweza kupata zamu moja inayokula, ikapanda, ikala tena, ikazunguka safu ya nyuma na kurudi mbele, na alipolala ubao hautambuliki. Watazamaji hawaondoki kwa sababu hiyo hasa: hawawezi kusema mchezo umekwisha mpaka safu nzima ya mbele ya mmoja iwe tupu, au akose namna ya kucheza. Safu ya mbele ikiwa tupu ni hamna, hata kama safu yake ya nyuma imejaa. Akimalizwa ilhali bado ana kete ghalani, amefungwa mkononi, na kelele zake husikika mtaa wa pili.

Nyumba inahitaji neno zaidi, kwa kuwa ndipo wanaojifunza hufia. Ikiwa na kete sita au zaidi ina haki zake: ukila, kisha kete yako ya mwisho ikaangukia humo pasipo na cha kula, unaweza kuamua kulala au kusafiri nayo. Mgeni huona raha kuiangalia ikinenepa. Anailinda, anailinda, kisha mwenzake anaila yote kwa mkupuo. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuisafirisha mapema, hata kama safari yenyewe haikufika mbali. Utajifunza zaidi kwa kuiona inavyotembea kuliko kwa kuihesabu. Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi aliyeandika tasnifu ya udaktari juu ya mabingwa wa bao mwaka 1995, aliuita utafiti wake mipaka ya akili. Basi usione haya kupotea katika hesabu ya zamu ndefu.

Chakula nacho lazima kiheshimu ubao. Vidole vyenye mafuta huharibu mchezo: kete zinanata, mbili zinaanguka mahali pa moja, na ugomvi unaanza. Kwa hiyo asubuhi ni ya kahawa chungu kutoka kwenye dele la muuza kahawa, katika vikombe vidogo, pamoja na kashata za nazi au za njugu. Uchungu na utamu hupokezana, na kikombe kimoja hutosha muda ambao mpinzani wako anafikiri.

Urojo uje alasiri, bao likiwa limewekwa kando. Ni chakula cha kundi, maana kila mtu hujazia bakuli lake apendavyo: viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mishkaki, chipsi za muhogo juu, chatne ya nazi, pilipili. Lakini hukumu iko kwenye mchuzi. Ni unga mwepesi uliochemshwa na manjano, ukatiwa ukali wa embe mbichi au ukwaju, na ndimu mwishoni. Ukiwa mzito ni uji wenye rangi tu. Unapaswa kutiririka, na ukali utangulie kabla ya pilipili.

Ikiwa wengine hawajawahi kucheza, anzeni na bao la kujifunza: kete mbili katika kila shimo, hakuna ghala, hakuna kunamua, na baada ya michezo michache mkono huzoea kupanda. Kubalianeni mapema kama watazamaji wanaruhusiwa kushauri. Mimi hupenda waruhusiwe, mradi asiwepo wa kunyoosha kidole kwenye shimo, kwani anayeonyeshwa shimo hajifunzi kuliona. Na mkiwa sita kwa bao moja, aliyefungwa anyanyuke, aagize kahawa ya duru inayofuata, kisha akae upande wa aliyemfunga ili aone ubao kutoka huko.