Mashauri ya Moyo (Sehemu ya Tatu): Mkate Kabla ya Swali

Wiki iliyopita tuliishia kwa Ayubu na rafiki zake, ambao walifanya vyema siku saba walipokaa naye chini bila kusema neno, wakaharibu walipofungua vinywa. Leo narudi nyumbani, Shauri Moyo, hapa Nairobi, maana jina la mtaa huu limekuwa likinirudia tangu nianze makala haya.

Wazee wa huku husimulia kuwa jina lilitoka kwa watu wa Pangani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwabomolea kijiji, na watu waliokuwa na nyumba zao wenyewe wakaambiwa wahamie hapa, katika nyumba mpya za baraza la mji, wawe wapangaji. Kuhama au kukataa, kila mtu akabaki kushauriana na moyo wake.

Sasa fungua Biblia ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, utafute Zaburi ya 13. Katika aya ya pili utayakuta mashauri na moyo yakiwa jirani. Mtunzi anamwuliza Mungu ataendelea mpaka lini kujadiliana na nafsi yake kutwa nzima, na swali hilo la lini analirudia mara nne katika aya mbili za kwanza. Aliyewahi kuamka saa tisa usiku akapiga hesabu ya kodi ya nyumba, karo na deni la chama, akaipiga tena na jibu likawa lile lile, anaijua aya hiyo hata kama hajawahi kuisoma.

Nalisisitiza hili kwa sababu tumezoea kuambiana kwamba mwenye imani halii. Baada ya moto wa soko la Gikomba wa Juni 28, 2018, uliowaua watu 15 hapa karibu yetu, nilisikia maneno hayo akiambiwa mama aliyeunguliwa na marobota yake yote ya mitumba. Yalisemwa kwa nia njema. Mama akanyamaza, na kwa miezi mingi hatukumwona tena kwenye maombi. Kiasi cha theluthi moja ya Zaburi 150 ni maombolezo. Tulimnyima haki ambayo Maandiko yenyewe yamempa.

Mfikirie Eliya katika 1 Wafalme 19. Sura moja tu nyuma, moto umeshuka mlimani Karmeli kwa maombi yake. Yezebeli anamtishia, naye anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Soma polepole kinachofuata. Malaika hamwulizi imani yake imekwenda wapi. Anamgusa, na kichwani pake pana mkate wa kwenye makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumhimiza ale, kwa kuwa safari inamshinda nguvu. Mungu anamwuliza anafanya nini huku baadaye sana, baada ya mwendo wa siku arobaini, pangoni Horebu.

Habari za makaa hazina haja ya kufafanuliwa huku. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo ni miongoni mwa wa kwanza kukunja mabati ya lile jiko lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani, lilipoanza kuenea miaka ya 1980. Mwaka niliofiwa na mama, jirani mmoja wa ushirika wetu alibisha hodi kwangu. Hakubeba Biblia. Aliuliza kama nimekula, akatoa jiko nje ya mlango, akalipepea kwa kipande cha katoni mpaka makaa yakaiva, akakoroga uji wa wimbi. Akakaa kwenye kigoda nikimaliza kikombe, akaosha sufuria.

"Sasa lala, mwanangu. Kesho nitapitia."

Kesho akapitia, na kesho kutwa. Tuliomba siku ya nne, na maombi yenyewe hayakuzidi dakika mbili.

Yule jirani aliielewa sura ile ya Eliya kuliko mimi niliyeisomea chuoni. Tangu hapo simkubalii mtu anayesema kwamba kwenda zahanati kwa kukosa usingizi ni kupungukiwa na imani.

Turudi kwenye Zaburi ya 13. Ina aya sita tu, na katika aya ya tano sauti inageuka ghafla, kutoka kilio hadi tumaini. Hatuambiwi kuwa lolote limebadilika. Adui yupo pale pale. Mimi nasoma hivi: tangu aya ya kwanza yale mashauri yalikuwa yameshapata msikilizaji, hayakuwa tena ya mtu na moyo wake peke yao. Deni halikulipika, ila sasa wanalitazama wawili.

Hata hivyo si kila zaburi hugeuka. Ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo, bila kuiongezea mwisho mwema. Hiyo ndiyo tutakayoisoma wiki ijayo.